Safari ya kuzunguka: daftari langu la kutoka Goma kwenda Butembo

Tangu nirudi kutoka Butembo watu wananisimamisha njiani na swali lilelile: «Mama, ulipita wapi, na ilikugharimu pesa ngapi?» Wengine wana mzazi upande wa pili. Wengine wana watoto huko, au shamba, au kaburi ambalo hawajaliona. Nimejibu mmoja mmoja hadi nikachoka. Leo naeleza yote mara moja, pamoja na makosa niliyofanya, kwa sababu makosa ndiyo yaliyonigharimu kuliko nauli.

Zamani safari hii haikuwa na hesabu. Ulipanda gari alfajiri Goma, ukapita Rutshuru, ukapanda Kanyabayonga, ukapita Kirumba na Lubero, na jioni unakula Butembo. Ulihitaji nauli, na kitu kidogo cha kununua ndizi na maji njiani. Nilipoondoka mwaka 2025 mstari wa vita ulikuwa umekata barabara hiyo kati yetu na Lubero. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwisho wa Januari 2025. Aliyetaka kufika Butembo alitoka ndani ya Kongo, akapita Rwanda, akapita Uganda, halafu akaingia Kongo tena kwa mlango wa Kasindi. Alizunguka nchi mbili ili afike mkoa uleule aliotoka.

Mama yangu aliishi Kanyabayonga. Mwezi wa 6 mwaka 2024, vita ilipofika pale, alikimbilia Butembo kwa kaka yangu mkubwa. Alikimbia akiwa na mtoto wangu wa mwisho, ambaye nilikuwa nimemwacha kwake mwaka 2023 ili asome kwa utulivu. Nilidhani nampeleka mahali salama. Tangu hapo nikawa na wasichana wawili Goma, na kijana wa miaka tisa upande wa pili, na barabara kati yetu imefungwa.

Mwezi wa 4 mwaka 2025 kaka alinipigia simu. «Mama anaumwa tumbo, hali chakula vizuri. Kama unaweza kuja, njoo.» Kaka yangu si mtu wa kuomba. Nikajua.

Pesa niliyokuwa nayo ilikuwa dola 430. Dola 350 zilikuwa mgao wangu wa AVEC, kikundi chetu cha akiba. Zamani pesa yetu ilikaa kwenye sanduku lenye kufuli tatu na akina mama watatu wenye funguo, lakini tangu vita ifike mjini tuliogopa wezi, tukaiweka kwenye simu. Dola 80 nyingine nilikuwa naziweka kwa ajili ya mabati, maana nyumba yangu inavuja. Kwa kuwa benki zilikuwa zimefungwa, nilitoa pesa yote kwa mwenye kabini, naye akakata zake. Dola 13 zilienda kabla sijapiga hatua. Nikabaki na 417.

Usiku huo nilikumbuka mtu mmoja. Mwaka 2016 nilikuwa natafsiri kwenye nyumba ya wageni hapa Goma. Alikuja kijana wa Uholanzi anayezunguka dunia kwa baiskeli. Alikuwa na mwaka wa pili njiani, bado mwaka mmoja. Wafanyakazi wote tulimhesabu kuwa tajiri. Alitaka kupanda Nyiragongo, na kibali chake kilikuwa mamia ya dola. Jioni nikamwona anaandika kwenye daftari dogo la shule kama la watoto wetu: ndizi, bei yake, kuziba tairi, bei yake, kitanda, bei yake. Nikamwuliza kwa nini mtu mwenye pesa ya kuzunguka dunia anaandika ndizi.

Alicheka. Akaniambia kwamba hana pesa nyingi, ana siku nyingi. Hahesabu safari kwa kilomita wala kwa nchi, anahesabu kwa siku. Kila siku ina pesa yake. Siku akitumia kidogo, zinazobaki zinasaidia siku ya bei kali. Pesa ya volkano aliiweka kando mwaka mzima. Halafu akanionyesha ukurasa wa mwisho wa daftari. Pale palikuwa na kiasi kimoja tu, kimezungushiwa mstari mara tatu. Ni pesa ya kurudi kwao. Alisema hiyo haiguswi, hata akilala na njaa.

Sisi watu wa Goma tulimcheka. Nani anapanga miaka mitatu? Hapa tunapanga hadi jioni. Lakini usiku ule wa mwezi wa 4 nilichukua daftari la binti yangu lenye kurasa tupu, nikaandika kama yeye:

1. Chakula cha wasichana nyumbani, siku 14 kwa dola 4: dola 56.
2. Nauli ya kwenda: dola 65.
3. Nauli ya kurudi: dola 65.
4. Kula na kulala njiani, siku 3 kwenda na siku 3 kurudi, kwa dola 12: dola 72.
5. Vitu vya mama na mtoto, na mchango wa chakula kwa kaka: dola 50.
6. Hasara ya kubadilisha pesa: dola 15.

Jumla ni 323. Yule kijana alikuwa anaongeza robo kwa ajili ya mambo yasiyojulikana, nami nikaongeza dola 80 za dharura. Ikawa 403. Zilibaki dola 14, nikazishona kwenye upindo wa kitenge.

Mtazame mstari wa kwanza. Yeye hakuwa nao kwenye daftari lake, kwa sababu hakuacha mtu nyumbani anayengoja kula. Sisi tunao. Nilijisifu kwamba nimeukumbuka. Mtaona jinsi nilivyoukosea.

Pesa niliitenganisha katika bahasha. Ya wasichana nilimpa jirani yangu, mama mtu mzima ambaye watoto wangu wanamwita bibi. Ya kwenda niliweka kwenye mkoba. Ya kurudi, nauli pamoja na chakula cha njiani, dola 101, niliifunga ndani ya plastiki ya dawa na kuiweka kifuani. Dharura niliiweka kwenye soksi.

Sasa mambo ya kujua kabla ya kuondoka, maana haya hayaandikwi kwenye tiketi.

Karata zenu kwanza. Ile CEPGL tunayoitumia kwenda Rwanda na Burundi haifiki Uganda. Huko wanataka pasipoti, na wanataka karata ya manjano ya chanjo. Mimi nilikuwa na pasipoti ya zamani kidogo niliyoipata kwa ajili ya mafunzo ya waandishi. Isingekuwepo, bajeti yangu yote ingekuwa hadithi nyingine. Viza ya Uganda sikulipa, maana Kongo na Uganda ziliondoleana malipo hayo mwaka 2024.

Pili, noti za dola. Nyumbani mnajua: noti ikiwa na mpasuko mdogo kama ukucha, hakuna anayeipokea. Uganda wanaangalia na mwaka wa noti, na noti ndogo wanazibadilisha kwa bei ya chini kuliko noti kubwa. Nilipita siku nzima nachagua noti safi. Usicheke, kazi hiyo iliniokolea pesa.

Tatu, sashe. Rwanda mifuko ya plastiki imekatazwa tangu mwaka 2008. Mimi mwandishi wa habari, ninayejua hilo vizuri, nilifunga sambaza wakavu na unga wa mama kwenye sashe. Mpakani wakazichukua zote, nikabaki nimekumbatia unga kwenye kitambaa cha kichwa. Wanawake waliokuwa nyuma yangu walicheka hadi machozi, nami nikacheka pia.

Nne, saa. Hapo ndipo nilipoanguka.

Nilitoka Goma Jumatatu tarehe 5 Mei. Nilivuka Gisenyi, nikapanda gari hadi Musanze, halafu Cyanika. Ukifika Cyanika unaona volkano zetu kwa upande wa mgongo, kama mtu unayemjua aliyekugeuzia kisogo. Ukivuka kuingia Uganda magari yanahamia upande wa kushoto wa barabara, na hapo moyo unaruka kila gari linapokuja mbele. Kutoka Kisoro hadi Kabale barabara inapanda na kuzunguka milima. Nilifika Kabale usiku, baridi kama ya Kanyabayonga. Nikanunua tiketi ya basi la saa kumi na mbili asubuhi, nikalala.

Saa kumi na mbili kasorobo nilikuwa kituoni. Basi halikuwepo. Lilikuwa limeondoka karibu saa nzima. Simu yangu ilikuwa bado na saa ya Goma, na Uganda wako mbele yetu kwa saa moja. Hilo ni jambo ambalo mtoto wa shule anaweza kunifundisha. Tiketi ikapotea, dola 12. Kulala siku ya pili Kabale na kula, dola 12 nyingine. Dola 24 za dharura zilitoka kwa sababu ya saa ya simu.

Nilikaa siku ile kwenye benchi la mama mmoja anayeuza chai. Niliandika kwenye daftari: «Kosa langu: 24.» Nilitaka kuandika «bahati mbaya», lakini haikuwa bahati.

Siku ya tatu nilipata basi. Tulipita Mbarara, halafu tukashuka kwenye mbuga ya Queen Elizabeth. Tembo walikuwa kando ya barabara, na abiria wa Uganda hawakuinua hata kichwa. Karibu na Kasese kuna alama ya ikweta, duara nyeupe kila upande wa barabara, na watu wanashuka kupiga picha. Nilimkumbuka yule Mholanzi. Yeye alikuwa ameivuka kwa baiskeli na kuandika bei ya soda aliyokunywa pale. Hata barabara yetu ya zamani inavuka mstari huohuo, kusini ya Butembo. Tulikuwa tunauvuka tumelala, hakuna aliyelipa kitu.

Ukikaribia Kasese, milima ya Rwenzori iko mbele yako. Upande wa pili wa milima hiyo ni Beni. Nilijisikia kama mtu anayezunguka nyumba yake mwenyewe akitafuta mlango.

Nililala Bwera, karibu na mpaka wa Mpondwe. Hapo lugha ilinisaidia kuliko pesa. Bakonzo wa Uganda na sisi Banande tunaelewana. Mama mwenye nyumba aliposikia Kinande changu alinipa chumba kwa nusu ya bei, na maharagi bila malipo. Dola nilizookoa pale niliziandika pia. Mtu anaandika mabaya tu, daftari linakuwa la manung'uniko.

Siku ya nne nilivuka Kasindi. Askari wa mpaka aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia, «Goma.» Akatazama mihuri ya pasipoti, akatikisa kichwa, akasema, «Karibu nyumbani, mama.» Tulingoja magari yakusanyike ndipo tukaondoka, maana barabara ya Kasindi mpaka Beni, kilomita 80 hivi, si ya kupita peke yako. Kutoka Beni hadi Butembo ni kilomita 54. Jioni nilikuwa kwa kaka.

Mtoto wangu hakunikimbilia. Alisimama nyuma ya mlango, ananitazama. Nilikuwa nimemshonea sare ya shule kwa kipimo nilichokuwa nacho kichwani. Mikono ilimwishia kwenye viwiko. Wifi yangu akasema, «Tutaishusha upindo,» lakini hapakuwa na upindo wa kutosha. Miaka miwili nilikuwa nimehesabu dola na siku, sikuhesabu urefu wa mtoto.

Mama alikuwa amelala kwenye mkeka, mwembamba. Daktari alikuwa ameshamwona: ngiri, na ilikuwa imeanza kubana. Operesheni isingengoja mwezi ujao. Hospitali ilitaka dola 170 kabla ya kumpokea.

Usiku huo tulikaa mimi na kaka na wifi, taa ya simu katikati, tukahesabu. Kaka alikuwa na 60, baada ya kuuza mbuzi wawili. Mimi dharura ilibaki 56. Upindo wa kitenge, 14. Jumla 130. Zilikosekana 40.

Kaka hakuniangalia. Alijua kwamba nina pesa ya kurudi, maana mtu anayekuja lazima awe na ya kurudi. Hakusema. Alisema tu, «Kesho nitajaribu kwa watu wa kanisa.» Nami nilijua kwamba watu wa kanisa hilo wanakaa na wahamaji ndani ya nyumba zao tangu mwaka uliopita, na wameshatoa walichokuwa nacho.

Nilitoka nje. Nilifungua plastiki ya dawa. Yule kijana wa baiskeli alisema haiguswi hata ukilala na njaa. Lakini yeye njaa ingekuwa yake. Hii ilikuwa ya mama yangu. Nilitoa dola 40, na kabla ya kuzipeleka ndani nikaandika kwenye daftari: «Tarehe 8 Mei, nimetoa 40 kwenye mfuko wa kurudi. Deni. Nitalijaza.» Labda mtaona ni ujinga kuandika katika hali ile. Mimi naona mstari huo ndio ulionirudisha Goma. Pesa iliyotoka bila kuandikwa inaita nyingine. Baada ya operesheni kulikuwa na dawa, kulikuwa na supu ya mgonjwa, kulikuwa na jirani wa kaka mwenye shida. Kila mara mkono ulipoenda kifuani, niliona neno «deni», nikaurudisha.

Tarehe 12 mama alipasuliwa. Tarehe 15 alikula bugali kidogo na sombe, akauliza nani ameipika bila chumvi. Hapo tukajua anapona.

Nilikuwa na dola 61, na kurudi kunataka 101. Nilipiga simu kwa wenzangu wa likelemba Goma. Sisi ni akina mama kumi, kila Ijumaa kila mmoja anatoa dola 5, na mmoja anachukua 50. Zamu yangu ilikuwa mwezi wa 7. Niliwaeleza ukweli wote, na kiasi kamili: 40 za kujaza mfuko, na 10 wawape wasichana wangu. Mwenye zamu ya Ijumaa tarehe 23 ni mama muuza makala, na yeye alikuwa amepanga kununua magunia. Alijibu kwa ujumbe wa sauti: «Chukua yangu, mimi nitachukua yako. Lakini urudi na hilo daftari, utuonyeshe.» Pesa ilifika kwa simu. Tarehe 25 nikaondoka.

Nilifika Goma tarehe 27 Mei, siku ya 23. Nilikuwa nimepanga siku 14.

Sasa nakuja kwenye kosa ambalo hakuna aliyeniambia kwa simu. Pesa ya chakula ya wasichana iliisha siku ya 14, kama nilivyoandika. Kila jioni nilipopiga, binti yangu mkubwa alisema, «Tuko sawa mama, bibi jirani anatusaidia.» Ni kweli, jirani aliwapa maharagi. Lakini jirani mwenyewe ana watu sita ndani. Binti yangu, wa miaka 16, alikuwa anaamka saa kumi usiku kwenda kuchota maji na kubebea watu bidoni kwa franka kidogo, ili mdogo wake ale kabla ya shule. Siku sita hakwenda shule mwenyewe. Nilijua baada ya kuona mabega yake.

Nilikaa kitandani na daftari. Dharura yote, dola 80, nilikuwa nimeiweka kwenye soksi yangu. Hata dola moja ya dharura sikuiacha nyumbani. Nilifikiri anayesafiri ndiye anayepata matatizo. Lakini msafiri akichelewa siku moja, nyumba nayo inachelewa siku moja, na nyumba haina pa kuomba basi jingine. Siku tisa kwa dola 4 ni dola 36. Kama ningegawa dharura ile mara mbili, nusu kwangu na nusu kwao, mtoto wangu asingebeba maji.

Lakini tena ningekosa zaidi kwa operesheni ya mama. Ndiyo. Nimefanya hesabu hiyo mara nyingi, na kila mara kuna mtu anayebaki bila. Pesa haikutosha, na daftari haliongezi pesa. Linachofanya ni kukuonyesha mapema ni nani atakayebeba upungufu, ili mlizungumze mkiwa wote pamoja, kabla ya safari. Binti yangu aliubeba bila kuulizwa. Hilo ndilo ninalojuta. Ningemketisha usiku ule wa kwanza, nikamwonyesha mistari yote sita, nikamwambia: «Nikichelewa, fanya hivi, mpigie huyu, usiniambie mko sawa kama hamko sawa.» Ana miaka 16. Angeelewa. Labda angekumbuka saa ya Uganda pia, maana jiografia anaipenda.

Tangu hapo tumebadilisha mambo kwenye kikundi. Mama yeyote akitaka kusafiri, iwe kwenda kuangalia mzazi, iwe kurudi kijijini Masisi au Rutshuru kuona kama shamba bado lipo, anakuja na daftari. Tunamwuliza maswali matatu. Siku ngapi, na zikizidi mara moja na nusu? Nani anakula nyumbani, na dharura yao iko kwa nani? Pesa ya kurudi iko wapi, na ukiigusa utampigia nani? Mmoja wetu alirudi kijijini mwezi wa 8 kwa maswali hayo. Alikuta nyumba haina mlango. Lakini alikuwa na pesa ya kurudi, akarudi, hakulazimika kulala porini na watoto. Wengi waliotoka kambi za kandokando ya Goma mwezi wa 2 mwaka 2025 waliondoka wakiwa na nauli ya kwenda tu. Siwalaumu. Hakuna aliyewapa muda wa kuandika.

Bei nilizotaja msizichukue kama za leo. Njia nazo hubadilika: mwezi wa 7 mwaka huo Uganda ilifungua tena mipaka ya Bunagana na Ishasha, na watu wengine wakaacha kupita Rwanda. Ulizeni waliopita wiki hii, si aliyepita mwaka jana. Lakini namna ya kuhesabu haibadiliki.

Dola 40 nilizozitoa nimezilipa. Mama muuza makala alipata zamu yangu mwezi wa 7, na akapata magunia yake. Mabati sijanunua, nyumba bado inavuja. Mama anatembea hadi sokoni na kurudi.

Kijana wangu yuko bado Butembo. Hakuwa na karata yoyote ya kuvuka mipaka, na mtoto huwezi kumpitisha nchi mbili kwa maneno ya mama yake. Asubuhi ya kuondoka alikuwa amevaa sare ile ya mikono mifupi. Aliniomba daftari, akalifungua ukurasa wa nyuma, akaandika kwa herufi kubwa: «Goma – Butembo, barabara ya Rutshuru. Siku: 1. Watu: 2.» Akaacha nafasi ya bei. Akaniuliza, «Mama, hii itakuwa ngapi?»

Nilimwambia zamani ilikuwa rahisi, na ikifunguliwa tutauliza. Karata zake nimeanza kuzitafuta, na kila mwezi naweka kidogo kwa ajili ya mzunguko, kama barabara itachelewa. Lakini ukurasa ule sijaufuta, wala sijajaza bei.